Dizeli ndani ya gari la petroli: injini ndiyo kazi ndogo

Ukiwa na Land Cruiser ya zamani ya petroli hapa Dar, vijana wa sheli wanakujua kwa jina. Yangu ni ya mfululizo wa 60, zile zilizotengenezwa kati ya 1980 na 1990, na ilikuja na injini ya 2F: silinda sita, lita 4.2, na kabureta isiyojua kushiba. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela ilikuwa inakwenda kilomita nne kwa lita. Siku nikiwa na haraka, hata hizo nne sikuziona.

Basi nikaing'oa, nikafunga ya dizeli, 1HZ ya Toyota. Kazi tuliifanyia uani kwangu Tabata, mimi, fundi mmoja na vijana wake wawili. Tulipanga wiki mbili. Kushusha injini ya zamani kulitumia siku moja, kupandisha ya dizeli siku mbili. Gari lilitoka getini baada ya miezi minne. Wengi wanaoniuliza habari za kazi hii huanza na bei ya injini, nami huwajibu, lakini bei hiyo haisemi chochote kuhusu miezi minne. Nitajaribu kueleza ilikwenda wapi.

Chanzo chake ni namna dizeli inavyowaka. Injini ya petroli ya kabureta huvuta hewa iliyokwisha changanyika na mafuta, huibana kiasi cha mara nane hivi, kisha plagi hutoa cheche. Dizeli huvuta hewa tupu. Injini kama 1HZ huibana hewa hiyo zaidi ya mara 20, ikawa ya moto kiasi kwamba nozo ikinyunyiza mafuta, yanajiwakia yenyewe. Hakuna koili, hakuna plagi ya cheche, hakuna kabureta. Na kwenye dizeli nyingi za zamani hakuna hata kile kibamba cha kwenye koo la kabureta, kinachoziba njia ya hewa unapoachia pedeli. Hewa huingia muda wote. Unachoongeza au kupunguza kwa mguu ni mafuta tu.

Karibu kila tabu niliyokutana nayo inatoka kwenye maelezo hayo machache. Mbano mkubwa unataka stata kubwa, betri kubwa na chuma kizito. Kukosekana kwa kibamba kunaziondolea breki msaada wao, na hapo nitarudi. Injini ya dizeli inapokuja inategemea kukuta vitu fulani ndani ya gari, na gari la petroli halina vitu hivyo.

Kuna imani moja inabidi niivunje mapema, maana imewapeleka watu sokoni kwa pupa: kwamba dizeli ina nguvu kuliko petroli. Si kila dizeli. 1HZ, ambayo Toyota waliitoa 1990 na ambayo utaiona kwenye Land Cruiser za ambulensi, za miradi na za kubebea watalii nchi nzima, haina tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,164, na mvuto wake, yaani nguvu yake ya kuzungusha, juu ya karatasi unakaribiana sana na ule wa 2F niliyoitoa. Ukitarajia kubanwa mgongo kwenye kiti, utasikitika. Injini za 1HD zenye tabo ni habari nyingine, na bei yake nayo ni habari nyingine. Mimi nilikuwa nanunua unafuu wa mafuta na wepesi wa kupata spea.

Unafuu wenyewe uhesabu kabla hujagusa spana. Bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi haziachanishi sana petroli na dizeli, na kuna miezi dizeli ndiyo ya juu. Kwa hiyo akiba iko kwenye lita. Tuseme gari la petroli linakwenda kilomita tano kwa lita, la dizeli nane, nawe unatembea kilomita 10,000 kwa mwaka. Petroli itakula lita 2,000, dizeli lita 1,250. Umeokoa lita 750. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, nachukua namba ya mviringo ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni shilingi 2,250,000 kwa mwaka. Sasa weka kando yake gharama ya kazi nzima. Kama imefika milioni 12, unahitaji zaidi ya miaka mitano kurudisha fedha. Gari la kwenda kanisani na sokoni halitakulipa kamwe. Gari linalopanda Iringa na kurudi kila mwezi litakulipa mapema.

Ukishakubaliana na hesabu, chagua injini kwa kumtazama ndugu wa gari lako. Karibu kila gari la porini la zamani lilikuwa na pacha wa dizeli kiwandani. Land Cruiser FJ60 ya petroli, kama yangu, pacha wake ni HJ60 yenye injini ya 2H. Nissan Patrol ya Y60 ya petroli ina pacha mwenye TD42. Kiwanda kilishapima na kukata, na kila kinachohitajika kina namba ya spea: vishikio vya injini, rejeta, hauzingi ya klachi, bomba la moshi, hata kebo ya pedeli. Ukitoka nje ya ukoo huo, kila kitu utakitengeneza wewe na mchomeleaji wako.

Mimi nilitoka nusu. 1HZ haikuwahi kufungwa kiwandani kwenye mfululizo wa 60, kwa sababu ilikuja wakati mfululizo huo unaaga. Lakini ni ya ukoo, na giaboksi ya HZJ75, Land Cruiser iliyotoka kiwandani na 1HZ, ile ya gia tano iitwayo H55F, inaingia bila ugomvi mkubwa. 2H ingenipunguzia uchomeleaji, ila ni injini ya zamani zaidi, na nilitaka kitu ambacho nikiharibikiwa Dodoma au Mafinga nitapata spea siku hiyohiyo.

Wenye Landrova nao wana njia yao inayojulikana. Injini ya dizeli ya Tdi 200 inashikana na giaboksi ya zile Series za zamani baada ya kuhamisha boliti chache, na ndiyo maana utaikuta kwenye Landrova nyingi zilizofanyiwa kazi hii duniani. Ila pale mvuto unapanda kweli, kama mara moja na nusu ya injini ya petroli ya lita 2.25 iliyotangulia, na shafti za magurudumu ya nyuma hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Ukiwa na mguu mzito, beba moja ya akiba.

Nitazipita haraka injini za kisasa za kompyuta. 1KZ-TE na zilizokuja baada yake zinataka boksi lake la umeme, waya zake zote na vihisio vyake vyote, na ukipungukiwa waya mmoja umebaki na pambo la uani. 1KZ-TE na 2L-T tena zina sifa mbaya ya silinda hedi kupasuka zikichemka. 1HZ ya pampu ya kawaida inahitaji waya mmoja wa kufungulia mafuta ili iendelee kuunguruma. Kwa kazi ya nyumbani, hilo linamaliza mjadala.

Injini nyingi zinazouzwa Gerezani na Ilala zimetoka Japani, na nyingine zimetolewa kwenye magari ya hapahapa. Usinunue iliyolala chini imefutwa kwa dizeli ikang'aa. Omba iwashwe. Ikiwa inaunguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili: mvuke kidogo ni kawaida, moshi unaosukuma kama birika ni ringi zilizochoka. Tazama chini ya mfuniko kama kuna utando wa rangi ya maziwa, maana hayo ni maji ndani ya oili. Ukitaka kupima mbano, hakikisha fundi ana geji ya dizeli. Silinda ya dizeli yenye afya hutoa bar 25 na kuendelea, na geji ya petroli haikutengenezwa kwa presha hiyo. Na dai risiti yenye namba ya injini. Nitaeleza kwa nini.

Siku ya kuipandisha, fundi alitaka kutundika cheni bloku kwenye tawi la mwembe wangu. Tawi nene, amelitumia kwa Corolla mara nyingi, akasema. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza maandazi asubuhi, akachungulia juu ya ukuta. "Baba Neema, huo mwembe nani kakuambia ni krini?" Alikuwa sahihi. Injini ya Corolla unaweza kuinyanyua kwa watu wanne na matusi. 1HZ ina uzito wa zaidi ya kilo 300 kabla hujaiwekea oili. Tulikodi mabomba matatu mazito, tukayafunga juu na kuyachimbia miguu yasiteleze, na cheni bloku ya tani mbili ikaning'inia katikati. Vijana walikatazwa kuingiza hata kidole chini yake. Tangi la petroli tulikuwa tumelishusha siku iliyotangulia na kulipeleka mbali na mashine ya kuchomelea.

Baada ya injini kukaa, kazi yenyewe ndipo ikaanza. H55F ni ndefu kuliko giaboksi ya gia nne iliyokuwamo, kwa hiyo propela, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, hazikulingana tena: ya mbele ikawa fupi mno na ya nyuma ndefu mno. Zote mbili zilikwenda kwa mkereza vyuma. Kukata na kuchomelea propela si kazi ya mtaani ya nusu saa: isiposawazishwa vizuri, ikifika kilomita 70 kwa saa gari zima linatetemeka kama limeshikwa na homa, na bearingi za giaboksi zinakwisha.

Difu, ile gia ya katikati ya ekseli, ndilo jambo lililonichelewesha kuelewa. Yangu ilikuwa ya 3.70, yaani propela inazunguka mara 3.70 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Petroli inapenda kukimbia, kwa hiyo haijali sana. 1HZ mvuto wake wa juu uko kwenye mizunguko kama 2,200 kwa dakika. Chukua tairi yenye mzingo wa mita 2.5. Kilomita 80 kwa saa ni mita 1,333 kwa dakika, yaani tairi inazunguka mara 533. Zidisha kwa 3.70: injini inazunguka karibu 1,970 kwenye gia ya nne, ambayo ni moja kwa moja. Kwa difu ya 4.11 inapata karibu 2,190, palepale inapojisikia vizuri. Unaona tofauti ndogo, lakini ukiingiza gia ya tano kwa 3.70 ukiwa na mzigo, mizunguko inaporomoka na injini inaguna kama mtu aliyeamshwa usiku. Nilitembea hivyo miezi miwili kabla ya kukubali kununua difu za 4.11. Zote mbili, mbele na nyuma, maana ukibadilisha moja tu, ukiingiza magurudumu manne kwenye ardhi ngumu zitavutana hadi kitu kikatike.

Kisha stata. Siku ya kwanza ya kuwasha, majirani wamejaa ukutani, nikageuza ufunguo. Injini ikajizungusha kizembe, mara mbili, ikanyamaza. "Bosi, betri imechoka hiyo," fundi akasema. Nikaenda kununua N70 mpya. Ikafanya vilevile. Tukabadilisha nyaya za betri, tukaweka nene. Vilevile. Tulipoteza wiki nzima, na mmoja wa vijana akaanza kunong'ona kwamba injini imekufa. Aliyeimaliza ni fundi umeme, kijana wa Buguruni, aliyelala chini ya gari na kitambaa, akasugua grisi kwenye kibati cha stata, akasoma kwa sauti: "Ishirini na nne."

Land Cruiser nyingi za dizeli zilizouzwa ndani ya Japani huwashwa kwa volti 24. Gari langu la petroli ni la 12. Stata ilikuwa ya 24, plagi za kupashia moto za 24, na ile solenoidi ya kufungulia mafuta nayo ya 24. Muuzaji hakusema, nami sikuuliza. Unaweza kufunga betri mbili na kuishi na mifumo miwili ndani ya gari moja, wapo wanaofanya hivyo, lakini ni kumtafutia kazi kila fundi umeme atakayekuja baada yako. Nilinunua vifaa vyote vitatu vya volti 12. Kibati hicho cha stata kisome kabla hujatoa hela, kwa mwanga wa simu, umepiga magoti.

Breki nazo zilinifundisha kwa ukali zaidi. Gari lilipowaka nililitoa getini taratibu, barabara ya mtaa ina mteremko mdogo kuelekea kwenye kalvati. Nikakanyaga breki. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Gari liliendelea kuteremka, nikasimama kwa miguu miwili na breki ya mkono, bampa ikiwa hatua tatu kutoka kwenye meza ya maandazi. Yule mama hakusema neno, alisogeza beseni tu.

Ile busta inayokusaidia kukanyaga breki inafanya kazi kwa kunyonywa hewa. Kwenye petroli, unapoachia pedeli ya mafuta, kibamba cha kabureta kinaziba, injini inabaki inanyonya upande wa ndani, na bomba dogo linapeleka mnyonyo huo kwenye busta. Dizeli haina kibamba, kwa hiyo haina mnyonyo wa kugawa. Inatumia pampu yake maalumu, na kwenye Toyota nyingi za zamani pampu hiyo imebandikwa nyuma ya altaneta, inalainishwa na oili ya injini kupitia kibomba. Altaneta iliyokuja na injini yangu ilikuwa imebadilishwa na mtu fulani huko nyuma, na iliyowekwa haikuwa na pampu. Tulifunga bomba la busta penye tundu, tukaridhika, na tundu lile halikuwa linanyonya kitu. Kabla gari halijatembea hata mita moja, liwashe, kanyaga breki mara kadhaa, na usikie kama pedeli inalainika. Isipolainika, usitoke.

Mafuta yenyewe hayana siri nyingi. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na petroli hailainishi kitu, kwa hiyo tangi na mabomba lazima vioshwe mpaka harufu ya petroli iishe kabisa. Pampu pia inarudisha mafuta yasiyotumika, ambayo yanahitaji njia ya kurudi tangini. Na weka filta yenye chombo cha kutenganisha maji, hasa ukizingatia dizeli inayouzwa kwenye madumu huko njiani.

Sasa joto. Rejeta ya petroli inaweza kutosha siku za kwanza, kisha ikakuadhiri Ubungo saa kumi na moja jioni. Tuliweka ya dizeli, nene zaidi. Lakini fundi wangu, kama mafundi wengi wa mji huu, alikuwa tayari ameitoa themostati na kuitupa. "Dar ni joto, bosi, maji yapite huru." Nimesikia sentensi hiyo kwenye kila gereji niliyowahi kuingia, na sijawahi kukutana na fundi aliyeisoma mahali popote. Themostati ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuifikisha injini kwenye joto lake, maana dizeli baridi haichomi mafuta vizuri na inakula silinda. Ya pili ndiyo wanayoisahau: injini nyingi zina njia ya pembeni inayozungusha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na themostati ikifunguka kwa joto ndiyo inayoiziba njia hiyo. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Kwa hiyo ukiitoa ili injini ipoe, unaweza kuichemsha. Niliiokota kwenye mavumbi, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kuona kama inafunguka, ikafunguka, ikarudi mahali pake. Mke wangu bado anaikumbuka sufuria ile.

Mkanda wa taimingi badilisha kabla injini haijapanda, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Kwenye 1HZ kawaida ni kila kilomita 100,000, na ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Injini ikiwa chini ni kazi ya asubuhi moja. Ikiwa ndani ya gari ni kazi nyingine.

Halafu kadi. Kadi ya gari ya Tanzania ina namba ya shasi, namba ya injini, ujazo wa injini na aina ya mafuta. Ukibadilisha petroli kuwa dizeli, umebadilisha vitatu kati ya hivyo vinne. TRA, mamlaka ya mapato, ndio wenye daftari la usajili, na mahali pa kuanzia ni kwao, kabla ya kununua, ukiuliza wanataka nyaraka gani kwa injini yako. Risiti yenye namba ya injini na karatasi zake za kuingia nchini ndizo zitakazokutenganisha na mtu aliyenunua injini ya gari la wizi. Kampuni ya bima nayo iambie. Kadi inayosema petroli kwenye gari linalotoa moshi wa dizeli ni zawadi kwa trafiki yeyote, na siku ya ajali ni zawadi kwa bima.

Jaribio la mwisho lilikuwa vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, watu watano ndani na magunia ya mchanga nyuma, mshale wa joto ukiwa katikati muda wote. Baadaye nikaipeleka mlima Kitonga, njia ya Iringa, ikapanda taratibu nyuma ya malori bila kulalamika, na sasa inanipa kilomita nane kwa lita nikiwa barabarani, saba mjini. Kilichobaki ni mshale wa mizunguko. Tangu siku ile umelala kwenye sifuri, kwa sababu zamani ulikuwa unasoma mapigo ya koili na koili haipo tena. Nyuma ya altaneta kuna ncha yenye herufi W inayoweza kuulisha, nimeshanunua na waya wake. Uko kwenye kisanduku cha glavu.